Dada, hili giza nalishukuruje?

Jamani wasomaji wangu, tangu Novemba iingie barua karibu zote zinazonifikia zinatoka kwa ndugu zetu walioko kaskazini kwenye theluji, na zote zinalia kilio kimoja, baridi na giza. Kwa hiyo mwezi huu maswali ya ndoa na ya wakwe nimeyaweka pembeni, wenyewe watanisamehe, nawajibu watu wa winta tu. Mimi mwenyewe nilikaa huko winta tisa, ya kwanza nililia, ya tisa nilipokuwa nafunga mizigo kuondoka nilisimama uani kwenye theluji nikashindwa kuingia ndani, kwa hiyo ninachowaambia hapa nimekipitia.

Dada shikamoo. Niko Oulu, Finland, hii ni winta yangu ya pili. Kazi yangu ni kutunza wazee, shifti naingia giza natoka giza, yani jua nalisikia tu kwa wale wazee wanaokaa dirishani. Nikipiga simu nyumbani nikisema nimechoka mama ananiambia moyo usio na shukrani hukausha mema yote, na anasema kweli, kazi ninayo, chumba kina joto, wadogo zangu wanasoma kwa mshahara wangu. Lakini dada shukrani siisikii, nasikia baridi tu. Wenyeji wa hapa wanasema winta ni nzuri, mimi nikichungulia naona weusi mtupu. Je nina moyo mbaya? Na huo uzuri wanaouona uko wapi, nionyeshe na mimi. — Mchovu wa Giza

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Naanza na lile swali lililokuuma zaidi. Huna moyo mbaya. Mama hajakosea na methali yake ni ya kweli, ila mama anaongea na moyo wako na huo moyo umekaa ndani ya mwili, na mwili wako kwa sasa umenyimwa mwanga. Hebu fikiria, Desemba 21 hapo Oulu mchana una kama saa tatu na nusu tu, na hata saa sita mchana jua halifiki nyuzi 2 juu ya upeo wa macho, linachungulia kidogo halafu linazama. Sisi tuliokulia karibu na ikweta mwili umezoea saa kumi na mbili za mwanga kila siku, mwaka mzima, hatujawahi hata kuzihesabu. Mwanga ndio unaouambia ubongo sasa amka, sasa lala, sasa changamka, ukikosekana usingizi unaharibika, hamu ya mambo inapungua, mtu anakuwa mzito kama amebeba gunia. Hili ni jambo linalojulikana hospitalini, tangu mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani walielezea huzuni ya namna hii inayokuja na winta na kuondoka na winta, na dawa yao ya kwanza ilikuwa mwanga wenyewe.

Kwa hiyo kabla hujajilaumu kuhusu shukrani, mwili wako upate haki yake kwanza. Tafuta ile taa ya mwanga mkali, uliza yenye nguvu ya luksi 10,000, luksi ndiyo kipimo cha mwanga, iweke mezani asubuhi ukinywa chai, nusu saa inatosha, usiikodolee macho moja kwa moja, na kama una matatizo ya macho muone daktari kwanza. Vitamini D vilevile, maana huko juu miezi ya winta jua liko chini mno, ngozi haiwezi kuitengeneza, na ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuliko nyeupe, Wafini wenyewe wanaitia kwenye maziwa ya dukani ila wewe muulize nesi au daktari ukubwa wa dozi inayokufaa. Na hili nakuomba kama dada yako, kama uzito huo umekaa wiki mbili tatu hauondoki, huli vizuri, hulali, au mawazo mabaya yanakujia, nenda kituo cha afya kesho, usinisubiri mimi wala usisubiri masika. Kwenda hospitali kwa ajili ya huzuni siyo kukosa shukrani.

Sasa tuje kwenye uzuri, na hapa ntaongea sana.

Umesema ukichungulia unaona weusi. Nakuamini, kwa sababu saa unazochungulia wewe ni weusi kweli. Muombe bosi wako brek yako iwe saa sita mchana, siyo saa nane, dakika ishirini tu, halafu toka nje uangalie upande wa kusini. Kwetu jua linazama wima, linadondoka kama limekatwa kamba, nusu saa baadaye usiku umeshaingia. Hapo Oulu kwa kuwa jua halipandi, linateleza tu pembeni juu ya miti, mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi sana kabla haujakufikia na ile buluu inatawanyika njiani, kinachobaki ni pinki na rangi ya chungwa, na kinabaki muda wote huo. Yani mdogo wangu, wakati wewe uko ndani unabadilisha mashuka, nje kuna machweo ya mchana kutwa! Na theluji inayapokea, inakuwa ya pinki na yenyewe, na vivuli vyake vinakuwa vya buluu. Mimi hiki kitu nilikuja kukiona winta ya tatu, nilikuwa nimekikosa miaka miwili kwa sababu ya ratiba ya brek tu.

Kisha jua likishazama usikimbilie ndani. Kuna muda kidogo ambapo kila kitu kinakuwa buluu, mbingu, ardhi, kuta za nyumba, hata mikono yako mwenyewe, Wafini wana jina lake kabisa, sininen hetki, yani wakati wa buluu. Watu waliolipa kile kipindi jina wamekitazama muda mrefu.

Na mwezi. Hili hakuna aliyeniambia nililigundua mwenyewe halafu nikaja kulielewa baadaye. Mwezi mpevu siku zote unakaa upande wa pili na jua, kwa hiyo winta jua likiwa chini kabisa, mwezi mpevu unapita juu kabisa, ile njia ya jua la kiangazi ndio anapita yeye. Anachomoza mapema jioni anakaa angani mpaka asubuhi watu wameshaamka, na kwa kuwa chini kote ni kweupe ule mwanga unarudishwa juu, unaweza ukatembea msituni bila tochi na ukaona kivuli chako kimechorwa mbele yako. Angalia kalenda ya mwezi mpevu wa Desemba na wa Januari, na siku hiyo shuka kwenye basi kituo kimoja kabla ya chako.

Ukitembea sikiliza buti zako pia. Theluji ikiwa karibu na kuyeyuka haitoi sauti ya maana, baridi ikizidi kama mainasi 10 hivi inaanza kulia, krii krii, chembe zinasagana zikiwa kavu, na kadiri baridi inavyozidi sauti inakuwa kali zaidi. Nilifika mahali nikawa nakadiria baridi kwa masikio kabla sijaangalia simu. Na ikidondoka theluji mpya laini, mji mzima unanyamaza, manake ile theluji sehemu kubwa ni hewa na inanywa sauti kama godoro, magari yanapita huyasikii. Nimewahi kusikia ukimya wa namna ile theluji ikianguka tu, sijausikia pengine.

Asubuhi moja naikumbuka mpaka leo. Usiku ukungu ulipanda kutoka mtoni ukaganda kwenye miti, sakitu imeshika kila kitawi, sindano sindano nyeupe ndefu kama kucha, ule mti wa mbetula uani wote umekuwa kama umeshonwa lesi. Nikasimama na mfuko wangu wa takataka mkononi. Akaja kindege mdogo akatua kwenye kitawi, na ile sakitu yote ya kile kitawi ikamwagika chini taratibu kama unga unaochungwa, ikapita kwenye mwanga wa taa, halafu kitawi kikabaki cheusi chenyewe kati ya vyeupe vyote. Basi. Ni hicho tu kilichotokea, na mimi siku hiyo nilienda kazini mtu mwingine.

Huyo kindege unaye na wewe hapo, Wafini wanamwita tiainen, wapo wa aina kadhaa, kuna mmoja mwenye kofia nyeusi ambaye vuli nzima anaficha mbegu moja moja kwenye magome ya miti, maelfu, halafu winta anazirudia, na usiku wa baridi kali anashusha joto la mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili kile chakula kidogo kimfikishe asubuhi. Uzito wake hata gramu 15 hafiki! Na chini ya theluji unayoikanyaga kuna panya wadogo wa msituni wanaendelea na maisha, wana vinjia vyao kati ya udongo na theluji, juu inaweza ikawa mainasi 30 na huko chini ni karibu na sifuri tu, kwa sababu theluji imewafunika kama blanketi. Theluji hiyo hiyo unayoichukia kuna mtu imemhifadhi.

Sasa umesema wazee unaowatunza wanakaa dirishani. Mdogo wangu, hao ndio walimu wako, mimi huku mbali sikufai kama wao. Mzee wa miaka themanini na kitu wa Oulu ameshaziona winta themanini na kitu, akikaa dirishani haangalii weusi, kuna anachokifuata kwa macho. Ukimaliza kumvalisha mtu sweta yake inama usawa wa macho yake uangalie anapoangalia, muulize unaona nini leo, hata kwa Kifini chako cha kubabaisha. Utapata jibu, na utapata lugha, na yule mzee atapata mtu wa kuongea naye, hilo nalo siyo dogo.

Kuhusu mama. Shukrani ya kuamrishwa inageuka deni, unaisema mdomoni huku moyo unazidi kukaza. Kwa hiyo wiki hii ukimpigia usimwambie nashukuru na usimwambie nimechoka, mwambie kitu kimoja ulichokiona. Mwambie mama leo theluji ilikuwa ya pinki. Mwambie leo nimesikia buti zangu zinalia. Atauliza pinki vipi, utaeleza, na katika kule kueleza utakuta sauti yako imebadilika, yeye ataisikia kabla yako wewe. Hiyo ndiyo shukrani anayokuombea, ila yeye hajawahi kuiona theluji, asingeweza kukuelekeza njia ya kuifikia.

Mavazi kwa kifupi kwa sababu bila hayo hutasimama nje hata dakika tano. Cha kugusa ngozi kiwe sufu siyo pamba, pamba ikishika jasho inakuwa barafu mwilini. Buti ziwe kubwa kidogo ili soksi nene ipate hewa ndani, buti ya kubana ndiyo inayogandisha vidole. Na ile rifleta ya kuning'iniza kwenye jaketi, kile kipande kinachorudisha mwanga wa taa, ivae, gizani dereva hakuoni.

Halafu vumilia hesabu kidogo, baada ya Desemba 21 mwanga unarudi, mwanzoni kwa kuibia ibia lakini Februari hapo Oulu mchana unaongezeka kama dakika sita kila siku, wiki moja tu umeshapata zaidi ya nusu saa. Machi jua limerudi na theluji bado ipo, wenyewe wanauita kevättalvi, ile winta ya masika, kung'aa kwake lazima uvae miwani. Niandikie Machi.

Dada mambo, mimi ni mwanafunzi Winnipeg, Canada. Juzi asubuhi ilikuwa mainasi 31 nikaona jua tatu angani, la katikati na mawili pembeni yenye rangi rangi. Usiku wake taa za barabarani kila moja imetoa nguzo ya mwanga inayopanda juu mbinguni. Roommate wangu hakuwepo, sasa nikisimulia watu wananicheka. Nimechanganyikiwa au? — Shahidi wa Jua Tatu

Poa mdogo wangu, hujachanganyikiwa hata kidogo na nakuonea wivu mzuri, maana zile nguzo mimi nimeziona mara mbili tu katika winta tisa.

Baridi ikifika huko unyevu uliomo hewani unaganda, unakuwa vichembe vidogo vya barafu vinavyoelea karibu na ardhi bila wingu lolote, vikipigwa na jua vinametameta, watu wa hali ya hewa wanaliita vumbi la almasi. Vingi ni bapa na vina pembe sita, na vinashuka vimelala kama sahani. Mwanga wa jua ukipita ndani yake unapindishwa kama nyuzi 22 na ndiyo maana yale majua mawili yanakaa kulia na kushoto kwa umbali ule ule, siku nyingine nyoosha mkono mbele, tanua vidole, gumba likiwa kwenye jua kidole kidogo kitafika karibu na jua la pembeni. Angalia na rangi, nyekundu siku zote iko upande wa jua la kweli. Zile nguzo za usiku ni vichembe hivyo hivyo, ila sasa mwanga haupiti ndani unaruka juu ya nyuso zao kama kioo, maelfu ya vioo vidogo vimepangana juu ya kila taa.

Na nikuongezee moja la kumwambia huyo roommate. Mwanzoni mwa Januari, katikati ya baridi yote hiyo, ndipo dunia inakuwa karibu zaidi na jua katika mwaka mzima, kama kilomita milioni 147, Julai inakuwa milioni 152. Baridi yenu haiji kwa sababu jua limewakimbia, ni dunia imeinama upande wenu umegeukia pembeni kidogo. Mimi hili lilinifariji sana nilipolijua, sijui kwa nini hasa, lakini lilinifariji.

Tafadhali sana mainasi 30 na upepo usivue glavu kupiga picha muda mrefu, ngozi inaungua kwa baridi ndani ya dakika chache, na simu yenyewe itazima chaji. Tazama kwa macho.

Dada habari za kazi. Nipo Duluth, Minnesota. Binti yangu ana miaka sita, kila theluji ikianguka ananiuliza baba ni kweli hakuna mbili zinazofanana, nani amehakikisha? Mimi theluji naijua kwa koleo tu, naitoa mlangoni na kwenye gari saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimekasirika. Sitaki arithi hasira yangu. Nimjibuje? — Baba Binti

Salama kaka, na hongera kwa hiyo sentensi yako ya mwisho mwisho, baba anayeogopa mtoto asirithi hasira yake ameshafika mbali.

Mwambie binti kwamba kulikuwa na mkulima kijijini Jericho, jimbo la Vermont, Marekani hapo hapo, jina lake Wilson Bentley. Alikuwa mtoto wa shamba, akapenda theluji kupita kiasi, akaunganisha kamera na hadubini na tarehe 15 Januari 1885, akiwa na miaka 19, akapata picha yake ya kwanza ya chembe moja ya theluji. Aliendelea karibu miaka hamsini mpaka alipofariki 1931, akapiga zaidi ya picha 5,000, kwenye kibanda kisicho na moto, ameshikilia pumzi asije akaiyeyusha, anazisogeza kwa unyoya. Katika hizo zote hakukuta mbili zinazofanana. Fikiria majirani zake walikuwa wanaitoa theluji mlangoni kwa koleo kama wewe, theluji ile ile.

Akiuliza kwa nini ni pembe sita, mwambie maji yakiganda chembe zake zinashikana mikono sita sita, kama watoto wanaocheza duara, kwa hiyo umbo linaanza dogo dogo lina pembe sita na linakua hivyo hivyo. Kwa nini hazifanani, kwa sababu kila moja imeshuka kwa njia yake. Mjapani mmoja, Ukichiro Nakaya, ndiye wa kwanza kutengeneza chembe ya theluji maabara, mwaka 1936 huko Hokkaido, aliiotesha kwenye unywele wa sungura, akaonyesha kwamba umbo linafuata baridi na unyevu, karibu mainasi 5 zinakuwa sindano, karibu mainasi 15 zinakuwa zile nyota zenye matawi. Sasa chembe moja ikishuka kutoka wingu inapita tabaka moja baada ya jingine, baridi hivi, unyevu vile, na mikono yake yote sita inapitia mambo yale yale kwa wakati ule ule ndiyo maana inafanana, lakini jirani yake amepita sentimita chache pembeni na hadithi yake ni nyingine. Kwa hiyo ukiishika umeshika safari yake nzima, imeandikwa.

Mimi ya kwanza niliiona kituo cha basi. Nilikuwa nimevaa jaketi jeusi, basi limechelewa, nimenuna, nikainua mkono kuangalia saa na pale kwenye nyuzi za mkono wa jaketi imekaa moja, nyota kamili, ndogo kuliko punje ya mchele, kila mkono una matawi na kila tawi lina vitawi. Nilikuwa nadhani zile zinazochorwa kwenye kadi ni mapambo tu watu wamebuni! Nikaisogeza karibu nikasahau, nikapumua, ikawa tone la maji. Niliumia kama nimevunja kikombe cha mtu. Halafu nikaona nyingine, na nyingine, mkono mzima wa jaketi umejaa, na zilikuwa zinaanguka hivyo mji wote kwenye lami na kwenye mabega ya watu.

Mfanyie hivi. Tafuta kitambaa cheusi na lenzi ya kukuzia, kitambaa kiache nje nusu saa kipoe, kikiwa cha moto zitayeyuka. Subiri siku ya kama mainasi 15 isiyo na upepo. Mkakae ngazini wote wawili, mshikilie pumzi. Mwachie yeye lenzi.

Na wewe kaka saa kumi na moja alfajiri kabla hujapangusa kioo cha gari washa tochi ya simu ukimulike kwanza. Sakitu huwa inachora majani pale, kama mkangaga, inaanzia kwenye kona au kwenye mkwaruzo inapanda. Dakika moja. Kisha pangusa uende kazini.

Mwanangu hujambo. Nimekuja kwa binti yangu Tromsø, Norway, kumsaidia kulea mjukuu wa miaka minne. Jua lilizama mwisho wa Novemba halijarudi mpaka leo, naswali kwa kuangalia simu. Wanasema litarudi tarehe 21 Januari, ni kweli au wananituliza? Na huko chekechea watoto wanatolewa nje kila siku kwenye hilo giza, si mateso hayo? Na usiku binti ananiita nje nione moto wa kijani angani, mimi naogopa. — Bibi wa Tromsø

Sijambo mama, shikamoo. Nimeisoma barua yako mara tatu, hiyo ya kuswali kwa kuangalia simu imenigusa sana.

Hawakudanganyi mama. Tromsø iko juu ya mstari wa Aktiki, kuanzia kama Novemba 27 jua haliinuki kabisa juu ya upeo, likianza kuinuka katikati ya Januari milima bado inaliziba, tarehe 21 ndiyo wanaliona mjini wenyewe. Siku hiyo wanaiita Soldagen, siku ya jua, watu wanatoka nje kulipokea na wanakula maandazi yao maalumu. Mwombe mjukuu akushike mkono mwende wote kulitafuta, na kama kuna mawingu msikate tamaa mwende na kesho yake.

Na mpaka hapo usikae ukidhani ni usiku mtupu, jua limeshuka kidogo tu chini ya upeo, mchana kwa saa chache linaangaza kwa chini chini, kusini kunakuwa na wekundu na milima inakuwa ya zambarau. Kaa dirishani kuanzia saa tano asubuhi uone.

Hao wanorwe na jua, mama, wanajuana. Kuna mji unaitwa Rjukan, uko kusini ya nchi hiyo hiyo, bondeni kabisa, milima inawaziba jua kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Machi katikati. Mwaka 1928 walijengewa gari la kamba la kupandisha watu juu mlimani wakaote jua tu, halafu 2013 wakaweka vioo vikubwa vitatu kule juu vinavyoligeukia jua na kulimulikisha chini uwanjani mjini. Watu wanaofanya hivyo hawalichukulii jua kama kitu cha kawaida tena, na mimi baada ya kujua habari yao kila jua likinipiga usoni nanyamaza kidogo.

Watoto kutolewa nje wala si mateso. Wamevalishwa sufu ndani na ovaroli juu, hawasimami wanacheza, na baridi ikizidi sana wanarudishwa ndani. Muulize mjukuu mwenyewe amefanya nini leo nje, nadhani atakusimulia mpaka uchoke.

Sasa huo moto wa kijani. Usiogope mama, hauunguzi, uko juu mno, kilomita mia moja na zaidi kutoka ardhini. Ni chembechembe zinazotoka kwenye jua, zinasafiri siku mbili tatu mpaka kwetu, zikifika zinavutwa na sumaku ya dunia kuelekea kaskazini huko mliko, zikigongana na hewa ya juu hewa inawaka kijani, pengine nyekundu kwa juu zaidi. Umeona, mama? Ni jua. Hilo hilo ambalo hamjaliona tangu Novemba ndilo linalowafikia usiku kwa njia hiyo, na ninyi mlioko gizani ndio mnaoliona hivyo, sisi wa mchana mrefu hatulioni.

Leo mbingu ikiwa haina mawingu zima taa za jikoni, subiri macho yazoee, jifunike vizuri kichwa na shingo, simama hapo barazani na binti yako. Mwanzoni utaona kama wingu jembamba jeupe jeupe limelala juu ya mlima, usiondoke. Likianza kucheza, nenda kamwamshe mjukuu.